Kupima Intaneti Mvua Ikinyesha

Juzi mpwa wangu alinitumia picha kutoka nyumba aliyopanga Kericho mjini. Ilikuwa picha ya simu yake, yenye nambari kubwa ya kijani, na chini yake ameandika: "Anko, si hii spidi ni kali?" Nikamjibu kwa maswali. Umepima ukiwa umeketi wapi? Saa ngapi? Nani mwingine alikuwa kwenye laini? Hakujibu. Nadhani alihisi hadithi inakuja, akakimbia. Basi nawageukia nyinyi wengine, vijana mnaobonyeza kile kitufe na kuamini lolote mnaloambiwa. Ketini.

Nimestaafu. Neno lenyewe linanipa heshima nisiyoistahili, kwa sababu watu wanaostaafu huwa na mvi kichwa kizima na saa ya ukutani waliyozawadiwa. Mimi nina magoti tu. Magoti ndiyo yaliyostaafu, mimi nikayafuata. Nilisomea historia chuo kikuu, kisha nikatumia ujana wangu wote uliobaki juu ya mapaa ya mabati, kutoka Kericho hadi Ndanai, nikifunga antena za intaneti kwa kampuni ndogo ambayo siku hizi haipo tena. Mama yangu alipoulizwa kanisani kijana wake mwenye digrii anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Yuko juu." Hakuwa amedanganya mtu.

Aliyenifunza kazi ni Njuguna. Baba yake alikuja huku kutoka Nyeri kufungua duka, Njuguna akazaliwa Kaplong, na Kikipsigis chake kilikuwa safi kuliko changu mimi Mkipsigis wa shule za bweni. Aliniita Profesa, na hakuwa ananisifu. Alikuwa ameanza na antena za televisheni, zama zile mmoja anazungusha mti juu ya paa, mwingine yuko dirishani anapiga kelele, "Rudi! Rudi kidogo! Umepita!" na kijiji kizima kinajua leo kwa fulani kuna kandanda. Mlikosa raha nyingi nyinyi. Leo faiba inaletwa mpaka ukutani, fundi anavua viatu mlangoni, anakunywa chai, anaondoka bila hata vumbi la mabati kwenye suruali.

Jambo la kwanza Njuguna alilonifundisha ni kutafuta ruta. Sio kuifunga, kuitafuta. Unajua nyumba zetu. Kitu cha thamani hakiwekwi ovyo. Kinaingizwa kwenye kabati ya vioo, pamoja na vikombe vya wageni na picha ya mahafali, kisha kinafunikwa kitambaa cha kufuma. Tulikuwa tunafunga ruta mahali pazuri, peupe, tukirudi mwezi unaofuata kwa malalamiko tunaikuta imekaa ndani ya kabati kama bibi harusi, shela na yote, nyuma ya birika la chuma. Njuguna hakuwahi kumkosoa mama yeyote kwa hilo. Alikuwa anafunua kile kitambaa taratibu na kusema, "Mama, huyu anahitaji kupumua." Spidi ilikuwa inarudi kabla hatujamaliza chai.

Kwa hivyo somo la kwanza, kabla hujalaumu kampuni: unapopima kwa waifai, unapima laini pamoja na kuta zako, kabati zako na birika lako. Ukitaka kujua laini yenyewe ina nguvu gani, chomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kama kwa waya ni nzuri na kwa waifai ni mbaya, ugonjwa uko nyumbani mwako. Kama zote mbili ni mbaya, sasa unaweza kupiga simu na kugomba.

Halafu kuna suala la biti na baiti, ambalo lilinizeesha. Kampuni huuza kwa megabiti. Simu yako ikipakua filamu, mara nyingi inakuhesabia kwa megabaiti. Biti nane ndizo baiti moja, kwa hivyo nambari inaonekana imeibwa. Mwalimu mmoja wa hesabu kule Soin alitusimamisha uani kwake kama wanafunzi waliochelewa. "Mnaniuzia kwa kikombe, mnanipimia kwa debe," alisema. Nikamweleza kwa dakika nyingi, kwa Kiswahili cha chuo. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimeelewa. Lakini bado sijapenda." Sijawahi kupata muhtasari bora wa biashara ya intaneti.

Na kile kipimo hakitoi nambari moja, kinatoa tatu, ingawa nyinyi huangalia ile kubwa tu. Njuguna aliwaeleza wateja kwa majani chai. Barabara ya kwenda kituo cha majani ni moja, alisema, lakini magari ni mawili. Moja linakuletea mbolea: hiyo ndiyo spidi ya kupakua, filamu na picha zinazokuja kwako. Lingine linatoa majani yako shambani: hiyo ni spidi ya kupakia, sauti yako na sura yako zikienda kwa wengine. Wauzaji hutangaza lori la mbolea, lile la majani mara nyingi ni pikapu. Nambari ya tatu ni muda wa kuitikiwa. Unamwita mtu ng'ambo ya bonde, je, anaitika mara moja, au unaanza kudhani amekufa?

Haya yote niliyajua vizuri sana siku niliyoitwa kwa Mzee Bii, upande wa Ndanai. Ndiyo maana nataka mnisikilize hapa.

Mzee Bii alikuwa na chai kidogo, ng'ombe wa maziwa, na binti aitwaye Chelangat. Chelangat alikuwa amefanya kazi Nairobi kwa miaka kadhaa. Mama yake alipopatwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukalala, ulimi ukawa mzito, na Chelangat akarudi nyumbani kumtunza. Alipata kazi ya kufanya kwa kompyuta: kuwajibu kwa sauti wateja wa kampuni moja ya ng'ambo. Watu wa kule huamka sisi tukishakula chakula cha mchana, kwa hivyo kazi yake ilianza alasiri.

Shida ni kwamba sauti yake ilikuwa ikikatika. Msimamizi wake alimwambia Ijumaa alasiri atasikiliza simu zake. Zikikatika tena, basi. Na nyumba ile ilijua maana ya basi. Chelangat angerudi Nairobi kutafuta kazi ya ofisini, na mama yake angebaki na Mzee Bii, mtu mwema ambaye alikuwa hajawahi kujua chumvi inawekwa wapi.

Nilifika Jumatatu asubuhi. Nikafunua ruta (ndiyo, kitambaa kilikuwepo, cha rangi ya machungwa), nikachomeka waya, nikapima. Kupakua, safi. Kupakia, safi. Kuitikiwa, mara moja. Nikamwonyesha Chelangat kioo cha kompyuta kama daktari anayetoa habari njema.

"Spidi iko sawa," nikasema.

Jumanne jioni akanipigia. "Fundi, ile spidi iko sawa na nani? Maana na mimi haiko."

Jumatano asubuhi nikarudi. Nikapanda paa, nikakaza sahani ya antena, nikapima. Safi. Nikashuka nimejaa hoja. Pengine ni kompyuta yako, nikamwambia. Pengine ni kipaza sauti. Pengine ni watu wa ng'ambo wenyewe, kwao pia kuna matatizo. Chelangat alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji wa mama yake mkononi. Aliniangalia kwa upole mbaya.

"Fundi, mbona kila ukija ni asubuhi?"

Nikageuka, nikatazama upande wa msituni.

Nyinyi wa mjini labda hamwelewi. Huku kwetu mvua ina adabu: asubuhi jua, baada ya chakula cha mchana mawingu yanashuka kutoka msituni, alasiri inanyesha, mara nyingine na mawe. Hakuna mwenye akili anayepanda bati lililolowa, radi ikitafuta mtu. Kwa hivyo mafundi wote wa nchi hii ya chai tulifanya kazi asubuhi. Tulifunga asubuhi, tulipima asubuhi, tuliandika "iko sawa" asubuhi, na alasiri tulikuwa Kaplong tunakula chapati. Miaka yote hiyo, kumbe tulikuwa tunapima intaneti ambayo wateja wengi hawakuwa nyumbani kuitumia!

Siku hiyo sikuondoka. Mzee Bii aliniletea kiti na chai, akanitazama kama mtu anayetazama gari lililokwama kwake. Saa nane mbingu ikafunguka. Nikapima. Nambari ya kupakua ilishuka lakini bado ingeweza kuonyesha filamu. Mtu wa kutazama tu asingegundua. Ya kupakia ilikuwa imelala chini kabisa. Kuitikiwa kulikuwa kunaruka, mara karibu, mara mbali, kama mtu anayekuitikia huku akizunguka nyumba.

Nikampigia Njuguna. Akaja Alhamisi baada ya chakula, na koti la mvua, akilalamika kwamba digrii yangu imemharibia chapati. Alisimama nyuma ya nyumba, akatazama upande sahani ilikoelekea, kule kilimani kwenye mnara wetu.

"Profesa, ulipofunga hapa uliona nini mbele?"

"Niliona mnara."

"Na sasa?"

Sasa niliona mikaratusi. Ilikuwa shamba la jirani, Mama Chumo, mjane. Nilipofunga ile sahani miti ilikuwa imetoka kukatwa na kuuzwa kiwandani kama kuni za kukaushia majani chai, na kulikuwa na visiki tu. Lakini kisiki cha mkaratusi hakikati tamaa. Kilichipua, kikarefuka, kikafika mbele ya sahani yetu. Jua likiwaka, mawimbi yalijipenyeza kati ya majani. Majani yakilowa, ni kama mtu amening'iniza blanketi mbichi. Mvua yenyewe haikuwa na hatia.

Kuinua mlingoti juu ya miti? Huku kwetu mlingoti mrefu ni kuita radi kwa jina. Kukata miti? Ilikuwa bado michanga, ndiyo bati jipya la Mama Chumo la kesho. Lakini nyumba ya Mama Chumo ilikuwa upande wa pili wa miti ile, na kutoka paa lake mnara ulionekana kama jino la mbele. Sahani ingekaa kwake, waya upite uani hadi kwa Bii. Tukaenda kumwomba.

Mama Chumo alitusikiliza akipukuchua mahindi.

"Nani ana shida?"

"Chelangat, mama."

"Chelangat nampenda. Lakini hiyo sahani ni ya boma la Bii, ama?" Akatupa gunzi. "Ng'ombe wa Bii alikuja kwa nepia yangu, akala majani yote akamaliza. Ng'ombe alikuja mwenyewe. Mwenye ng'ombe ndiye hajakuja mpaka leo. Alituma mtu. Sasa ametuma nyinyi. Mwambieni aje."

Tulirudi na ujumbe. Mzee Bii akaupokea kama mtu aliyepewa nyoka ashike.

"Mimi niende kuomba mti?"

"Si mti, mzee," nikasema. "Ni paa."

"Paa ni mbaya zaidi."

"Baba," Chelangat akasema, "kesho ni Ijumaa."

"Najua kesho ni nini."

Kutoka chumba cha ndani, kwa ulimi ule mzito, tukasikia mama yake Chelangat akisema neno moja, pole pole, kila herufi ikibebwa.

"Nenda."

Mtu haendi kutengeneza mambo kwa jirani mikono mitupu. Mzee Bii akaingia jikoni, akatoka na kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya kugandishwa. Akavaa koti lake la kanisani juu ya gambuti. Tukamfuata kwa mbali kidogo, mimi na Njuguna, waya begani, tukijifanya tunakagua ua.

Mama Chumo alimkaribisha kitini. Hakuna aliyetaja ng'ombe. Waliulizana habari za chai, habari za bei ya mbolea, habari za mvua iliyokuwa ikiwanyeshea wote wawili miaka yote. Kisha Mzee akamimina maziwa kwenye kikombe, Mama Chumo akapokea, akanywa.

Alisita. Akatazama ndani ya kikombe. Mursik mzuri una rangi ya kijivu laini, kwa sababu kibuyu husuguliwa ndani kwa kaa la mti lililosagika vizuri. Huu ulikuwa na vipande vya makaa vinavyoelea kama mashua.

"Hii imetengenezwa na nani?"

"Mimi," akasema Mzee Bii.

"Mama Chelangat hawezi hata kushika kibuyu?"

"Hawezi."

"Na wewe unakunywa hii kila siku?"

"Tunakunywa sisi wote. Chelangat anasema ni tamu."

Mama Chumo alitafuna kitu, nadhani ni kaa. Alimtazama yule mzee, gambuti zake, koti lake, kwa muda mrefu.

"Arap Bii, mimi nilidhani unaringa."

"Nilikuwa naona haya," akasema Mzee. "Nepia ilikuwa nzuri sana."

Hapo Mama Chumo akacheka mpaka akashika ubavu. Alipomaliza alichukua kibuyu, akakiweka nyuma ya kiti chake. "Hiki kinabaki hapa. Kitarudi kikiwa kibuyu." Kisha akatugeukia sisi tuliokuwa tukikagua ua. "Nyinyi wa waya, mnangoja nini? Pandeni. Na mkitoboa bati langu mahali pasipo na msumari, mtalala hapo juu."

Tulifunga Ijumaa asubuhi, kwa sababu bati lilikuwa kavu, na safari hii hatukusema iko sawa. Chelangat alipika, sisi tukala, tukangoja. Saa nane mawingu yakashuka kama kawaida yake. Saa tisa mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka unaona midomo ya watu ikicheza bila maneno. Chelangat akafunga mlango wa chumba chake, na kazi ikaanza, msimamizi akisikiliza mahali fulani penye jua.

Mimi na Njuguna na Mzee tulikuwa barazani. Nikatoa simu. Mkono wangu ulikuwa umezoea. Nilitaka kujua nambari. Nambari ndiyo ingeniambia kama mama wa watu atabaki na binti yake au la. Njuguna akanishika kifundo cha mkono.

"Weka."

"Nipime mara moja tu."

"Weka, Profesa. Hiyo kupima inavuta kila kitu kilichoko kwa laini, ndiyo ijue mwisho wake ni wapi. Ukipima sasa, unamnyang'anya msichana mdomo."

Nikairudisha mfukoni. Hili nalo mlishike: kipimo chenyewe ni mzigo. Mtu akiwa kazini kwenye laini, usimpimie.

Basi tukawa watu watatu wazima, mmoja na digrii, tumeelekeza masikio kwenye ukuta wa mbao. Mvua ikizidi hatukusikia kitu. Ikipungua tulisikia Kiingereza cha Chelangat, laini, kimenyooka, kikiuliza, kikingoja, kikijibu.

"Inasoma ngapi?" Mzee Bii akauliza.

"Hatujui, mzee."

"Fundi wawili, na hamjui?"

"Hatujui."

Akasogeza kiti chake mpaka kikagusa ukuta. Alikaa hivyo kwa muda, kichwa kimeinama upande. Kiingereza chake kilikuwa kidogo, lakini kuna neno moja alilokuwa amelisikia kupitia ukuta ule kila alasiri, likirudiwa, likipandishwa sauti, mpaka akalichukia.

"Hajasema 'helo, helo,'" akanong'ona. "Hata mara moja."

Giza lilikuwa linaanza kuingia kwenye mashamba ya chai mlango ulipofunguliwa. Chelangat alitutazama tulivyopangwa ukutani, nyuso zetu zimekazwa kama za watu wa mazishi.

"Nyinyi mnanuna nini? Wamesema niendelee." Alikuwa tayari anapita, anakunja mikono ya sweta. "Baba, maji ya Mama ya kuoga yamechemka?"

Mzee Bii hakuwa amewasha hata moto. Aliinuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, akaenda jikoni, na tukamsikia akivunja kuni.